Mrejesho: mguu bandia wa plastiki wa mtoto (chini ya goti), tumetumia miaka minne na nusu, nyota 4 kati ya 5

Nilishaahidi watu wengi kwamba ntaandika, leo mtoto kalala mapema ngoja nitimize. Naongelea mguu bandia wa chini ya goti kwa mtoto, ule wa plastiki ya polipropilini ambao ndio unatengenezwa kwenye karakana nyingi za viungo hapa kwetu Tanzania, na naongelea pia huduma ya fundi wetu, maana mguu na fundi wake huwezi kuvitenganisha, hilo ndo kubwa nililojifunza na ntalirudia mpaka mchoke. Mguu wa gharama usio na fundi karibu unaishia juu ya kabati. Mguu wa kawaida kabisa wenye fundi anayepokea simu, mtoto anacheza nao rede.

Binti yangu ana miaka 7. Alizaliwa bila mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Goti lipo na linakunja vizuri tu, chini yake kuna kipande kifupi, na mwisho wa hicho kipande kuna vidole vitano vidogooo kama punje za choroko, havina kucha, laini. Kamusi inasema kigutu ila nyumbani kwetu hilo neno halijawahi kutumika, mwenyewe alipoanza kuongea alikaita Kadogo basi ukoo mzima tunasema Kadogo. Siku ya Idi bibi yake anampaka hina mikononi, mguu wa kulia, alafu anamalizia na Kadogo, kila punje na nukta yake. Nayasema haya mapema kwa sababu hivyo vipunje vitano ndo vilituharibia mguu wa kwanza, na ndo vilinifanya nimuamini fundi wa sasa.

Mguu wa kwanza tuliupata akiwa na mwaka na miezi miwili. Tulisikia kuna wataalamu wanakuja kambi ya siku chache, vipimo bure na mguu bure, tukapanga foleni toka alfajiri. Sitaji ni akina nani maana nia yao ilikuwa nzuri na sina ugomvi nao. Walimpima haraka haraka, keshokutwa yake tukapewa mguu, mzuri kwa macho, umepakwa rangi ya ngozi, una mpaka alama za vidole vya miguu. Nililia siku ile kwa furaha. Wiki ya pili mtoto akaanza kukataa kuvaa, nikidhani ni utoto, namlazimisha, mpaka siku namvua soksi nakuta punje moja ya pembeni imechubuka inatoa maji. Ndani ya ile soketi, yani kile kikombe cha juu cha mguu bandia anamoingia Kadogo, hapakuachwa nafasi ya vile vidole, yani kila akikanyaga kinasagwa kidole. Na wale wataalamu walishaondoka. Napeleka hospitali naambiwa huu mguu hatukuutengeneza sisi, vifaa vyake hatuna, boliti zake sio saizi yetu. Miezi minne baadae hata kama angetaka kuvaa usingeingia, alishakua. Alirudi kutambaa na kurukaruka kwa mguu mmoja kwa zaidi ya mwaka mzima, na mimi nilishakata tamaa kabisa na habari za miguu bandia.

Nieleze hapa kitu ambacho hakuna aliyeniambia mwanzo. Mtoto sio kama mtu mzima aliyekatwa mguu akapewa mwingine akakaa nao miaka. Mtoto anakua. Fundi alituambia kwa kawaida mpaka afike miaka mitano unatarajia mguu mpya kila mwaka hivi, baada ya hapo kama kila miaka miwili, akishafika ujana ndo inapungua. Katikati ya mguu na mguu kuna marekebisho chungu nzima, kurefusha, kukata ukingo, kubadilisha mkanda. Kwahiyo ukiona mtu anakuuzia mguu wa mtoto kama anauza sufuria, ukinunua mmekwisha maliza, huyo hamjui mtoto. Sisi saivi tuko kwenye mguu wa tano.

Huyu fundi wa sasa tulielekezwa na mama mmoja tuliyekutana kliniki, mwanae alipata ajali ya bodaboda. Ni kijana wa makamo, kasomea TATCOT pale KCMC Moshi, kile chuo cha mafundi viungo ambacho kipo toka 1981 na kinasomesha watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Siku ya kwanza mi najua atatoa futi apime amalize. Hakugusa kitu. Alikaa chini sakafuni, mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu anamwogopa kila aliyevaa koti jeupe, akavua lile koti akaweka pembeni, akamuuliza, eti huyu anaitwa nani? Mtoto kimya, kajificha kwenye dera langu. Baadae sana akasema Kadogo. Fundi akasema basi naomba nimsalimie Kadogo. Jamani. Mi nilikuwa nimezoea watu wanamfunua mtoto wangu kama wanakagua nyanya sokoni.

Sasa utengenezaji wenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kuona. Anavalishwa soksi nyembamba nyeupe, fundi anachukua kalamu yenye wino wa kuchovya maji anachora juu ya ile soksi sehemu za mifupa, pia ya goti, ugoko, kile kimfupa cha pembeni, na kwa Kadogo akachora viduara vitano, kimoja kimoja, anahesabu kwa sauti na mtoto anahesabu nae. Alafu anazungushia bendeji za plasta zilizoloweshwa, anakandamiza kwa dole gumba mbili chini kidogo ya pia ya goti maana hapo ndo mahali panapoweza kubeba uzito bila kuumia. Plasta ikiwa inakauka inapata joto, mtoto lazima aambiwe mapema, wangu aliambiwa itakuwa kama mkono wa mama ukiwa umetoka kwenye maji ya moto, akatulia. Ikikauka inavuliwa, ile michoro inabaki imejichapa kwa ndani, inamiminwa plasta nyingine humo inatoka sanamu ya Kadogo nyeupe, na hiyo sanamu ndo fundi anaifanyia kazi kwa tupa, pale panapobeba uzito anapunguza, pale penye mfupa anaongeza plasta ili soketi ipaache. Karatasi ya plastiki inaingizwa kwenye tanuri inatoka imelegea kama chapati, inafunikwa juu ya sanamu na kunyonywa hewa ishike umbo. Nilimwomba anioneshe ndani ya soketi ilivyo. Kuna vishimo vitano. Niliingiza kidole changu cha mwisho nikavihesabu.

Siku ya kujaribu anasimamishwa kati ya vyuma viwili vya kushikia, kioo mbele. Fundi anakaa nyuma yake anaangalia nyonga kama ziko sawa, anaweka vibao vyembamba chini ya unyayo mpaka nyonga zilingane, analegeza boliti anageuza unyayo kidogo anakaza, tembea mwanangu, simama, rudi. Hii ilichukua karibu saa tatu na kuna mahali mtoto alichoka akalia tukaenda kununua maandazi tukarudi. Hakuonesha kuchoka. Ule mguu wa kwanza, hii sehemu ilichukua dakika kumi.

Haya, mguu wenyewe ukoje.

Uzuri wake kwanza ni mgumu, soketi haijawahi kupasuka hata siku moja na mtoto wangu hana huruma na vitu. Pili unaoshika, matope, mchanga, uji, unafuta na kitambaa chenye sabuni yameisha. Tatu unarekebishika, plastiki ikipashwa joto fundi anaisukuma sehemu inayobana ikatanuka kidogo, kwahiyo mtoto akianza kubanwa sio lazima mguu mpya. Na vifaa vyake karakana nyingi wanavijua, maana polipropilini ilisambazwa sana na Msalaba Mwekundu kwenye nchi zenye majeruhi wa vita na imezoeleka, hata tulipoenda msiba Tanga boliti ikalegea kuna fundi kule aliikaza bila kuuliza huu mguu wa wapi. Kwangu hilo peke yake ni nyota mbili.

Ndani ya soketi gumu kuna soketi laini ya sponji, na ndani yake soksi. Kwenye soksi nisikilizeni vizuri. Mguu ukiwa mpya fundi anauacha na nafasi makusudi, mtoto anavaa soksi mbili au tatu nene, anavyokua unapunguza moja moja. Ndo ujanja wa kuufanya mguu udumu zaidi. Akishafika soksi moja nyembamba na bado unabana, piga simu, usisubiri. Soksi ziwe za pamba, zinafuliwa kila siku, na zikiwa na mshono mwisho zigeuzwe mshono uwe nje. Sisi tunatumia soksi za mpira wa miguu tunakata, ila mshono lazima nje, punje moja ikikaa juu ya mshono kutwa nzima jioni utaiona.

Kila jioni ukimvua angalia ngozi. Alama nyekundu zitakuwepo, sio tatizo, tatizo ni zisipopotea ndani ya dakika kama ishirini hivi, au zikiwa juu ya mfupa. Kadogo anaoshwa usiku kwa maji na sabuni ya kawaida anakaushwa vizuri, asubuhi hatumloweki kwenye maji muda mrefu maana ngozi inavimba kidogo na mguu unagoma kuingia. Na joto la Dar hili, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili jasho linajaa humo ndani, vipele, harufu. Dawa yetu ni soksi ya pili kwenye begi la shule, saa nne wakati wa uji anabadilisha mwenyewe. Poda nyingi tuliacha, inaganda na jasho inakuwa kama unga uliolowa.

Sasa kilichonifanya niibane nyota moja ni unyayo. Unyayo ni wa mpira wenye kiini kigumu ndani, na kwa huku kwetu mtoto anatembea kwenye mchanga, kokoto, jua kali, mvua, ulipasuka mbele kwenye vidole kabla haujamaliza miezi tisa. Wa pili hivyo hivyo. Kuubadilisha sio kazi, kazi ni kupata saizi ya mtoto, karakana inakuwa nazo za watu wazima tele, za watoto mpaka ziagizwe, mara moja tulisubiri wiki sita na mtoto shule anaenda kwa magongo. Ushauri wangu, mguu wa kulia ukianza tu kubadili saizi ya kiatu mwambie fundi aagize mapema, usisubiri uchakae.

Viatu navyo. Unyayo umetegwa kwa urefu fulani wa kisigino. Ukimpimia na raba bapa alafu Idi ukamvalisha kiatu cha kisigino hata kidogo tu, mguu mzima unasukumwa mbele na goti linakunja lenyewe, anaweza kuanguka. Malapa hayakai maana vidole havijaachana, nunueni sendozi za mkanda wa nyuma.

Kingine ambacho hawa wanaotengeneza miguu kwa kufikiria watu wanaokaa kwenye viti hawakijui ni kwamba sisi tunakaa chini. Mtoto anakula mkekani, madrasa mkekani, choo cha shule ni cha kuchuchumaa. Mguu wa tatu ukingo wa nyuma ya goti ulikuwa juu, akikunja unambana nyama, akawa anajizuia haja shule mpaka anarudi nyumbani, nimekuja kugundua baada ya kuumwa tumbo mara mbili. Aliona aibu kusema. Nilivyomwambia fundi alimuomba achuchumae pale pale mbele yake na mguu, akaangalia, akachora mstari, akashusha ukingo wa nyuma akaulainisha. Nusu saa. Kwahiyo ukienda kupima msiishie kumtembeza kwenye vyuma, mwambie mtoto akae chini, achuchumae, apande ngazi, ainuke. Madrasa anavua kabisa anauweka pembeni ya viatu vya wenzie, ustadhi kamtengea nafasi karibu na ukuta aegemee, na mguu unakaa pale na viatu kama kiatu kingine, hakuna anayeugusa.

Hela. Bima yetu haikugusa kiungo bandia. Mguu wa pili tulilipa kwa mkopo wa VICOBA na mchezo wa akina mama wa mtaani, mguu wa nne ulichangiwa na mafundi wenzie mume wangu. Karakana yetu wanakubali kulipa kidogo kidogo ila lazima uulize, hawatangazi. Na kwenye hospitali nyingi kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nendeni mkajieleze, mi nilikaa mwaka mzima kwa kuona haya, mwaka ambao mtoto angekuwa anatembea.

Kuna mama wataniuliza kuhusu mkono. Sina uzoefu wa mkono ila rafiki yangu mwanae hana kiganja cha kushoto, walimpatia mkono wa plastiki uliochapishwa kwa printa, rangi nyekundu na bluu, watoto wa mtaa walimzunguka siku mbili, siku ya tatu akauweka kwenye droo. Anafunga kamba za viatu kwa kiwiko na meno haraka kuliko mwanangu mwenye mikono miwili. Mama yake ameacha kumlazimisha na mi naona kafanya sawa kabisa. Mguu unakupeleka mahali, mkono unaweza ukawa unamzuia tu asishike vitu kwa ngozi yake. Na huyu aliyekatwa kwa ajali ya bodaboda niliyemtaja, watoto waliokatwa katikati ya mfupa ule mfupa unaweza ukaendelea kuota kwa chini ukachongoka ukatafuta kutoboa ngozi, wa kwake ilibidi afanyiwe upasuaji tena, kwahiyo wenye watoto wa namna hiyo akilalamika pale mwisho panachoma msimwambie anajidekeza.

Watu. Nitaandika kidogo tu. Mwanzo niliulizwa nilikula nini, nilimcheka nani nikiwa mjamzito, kama nilitoka nje mwezi ukipatwa. Daktari mmoja wa wanawake ndo alinikalisha akaniambia mikono na miguu ya mtoto inajengeka kati ya wiki ya nne na ya nane toka mimba itunge, mi wiki hizo hata sikujua kama nina mimba. Nikapumua. Mama mkwe wangu alikuwa na jibu moja kwa wote, hujafa hujaumbika, anasema kwa sauti na maongezi yanaisha. Mtoto mwenyewe ana la kwake. Juzi kwenye daladala ya Mbagala bibi mmoja kamwangalia mguu kaanza pole mjukuu wangu, masikini ya Mungu, gari gani hilo lilikufanya hivi. Akamjibu, shikamoo bibi, sio gari, nimezaliwa hivi. Bibi akaitika marahaba, akamuuliza anasoma darasa la ngapi.

Nilikuwa namfunika kwa suruali ndefu hata kwenye jua, nimeacha. Alinionesha mwenyewe vidio ya Ntando Mahlangu wa Afrika Kusini, yule aliyezaliwa na miguu isiyo kamili ikakatwa akiwa na miaka 10, akachukua medali ya fedha mashindano ya Paralimpiki Rio 2016 akiwa bado na miaka 14, alafu Tokyo akachukua dhahabu mbili, kukimbia na kuruka. Akaniuliza mama mbona yeye anavaa bukta? Sikuwa na la kusema, nikaenda kutafuta bukta. Mguu wa sasa umejaa stika za maua kuanzia juu mpaka chini, fundi kasema hana neno ilimradi asibandike kwenye boliti.

Mkienda karakana yoyote ya viungo na mtoto, nendeni asubuhi mapema, mvalisheni bukta au sketi fupi, bebeni viatu anavyovaa kila siku vyote viwili na vile vya shule, soksi anazotumia hata kama zimechanika fundi azione, na chakula cha kutosha. Mulizeni fundi siku gani yupo na kama akisafiri nani anashika kazi yake, chukueni namba ya simu ya karakana na sio yake peke yake. Boliti zikianza kulia kwiki kwiki msizikaze wenyewe na spana ya nyumbani, mume wangu alijaribu na unyayo ukageukia nje mtoto akatembea hivyo siku tatu goti likamuuma. Mpelekeni. Sisi yetu ni Jumanne ijayo, soksi imebaki moja.